Mpaka Saa Sita Usiku

Kadi yangu ya shingoni ina stika nne,
moja juu ya nyingine, kama viraka vya suruali ya mtoto:
Machi. Juni. Agosti. Na hii ya leo, tarehe thelathini Septemba,
ambayo pembe yake imeanza kubanduka
kwa kuwa huikwangua kwa ukucha nikisubiri lifti.

Hapa Ourense ukungu hupanda kutoka mto Miño,
ukakaa dirishani mwa wodi ya nne
kama jamaa aliyekuja kumwona mgonjwa akakosa la kusema.
Nimeingia zamu saa mbili asubuhi. Nitatoka kesho saa mbili.
Mkataba wangu unaisha leo, saa sita ya usiku.
Piga hesabu wewe. Mimi nimeshapiga,
nyuma ya karatasi ya dawa za mzee Eladio,
nikapata saa nane zisizo na mwenyewe.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa choo,
na tangu hapo, kila siku ya tatu,
kuna mtu ghorofa ya chini, nyuma ya kioo, ananiuliza
mgeni unaondoka lini.

Eladio, chumba 412, ni fundi wa viatu vya mti.
Kifua chake kinalia kama mlango wa ghala.
Kinyama tulichokitoa pafuni kimepelekwa maabara;
jibu ni Alhamisi. Leo Jumanne.
“Utaniambia wewe?” akauliza. “Si yule mwenye manukato.”
Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo
niliyokwisha kuyahesabu.

Akanitazama miguu. “Thelathini na saba,” akasema,
“na wa kushoto umezidi kidogo.”
Mbetula ukikatwa leo, akanieleza,
sharti ulale kivulini majira mawili ya baridi.
Ukichongwa mbichi hupasuka, tena usiku,
kwa sauti ya mtu anayevunja vidole.
“Kwa hiyo njoo baridi ya tatu.”
Nikasema nitakuja. Uongo wangu wa kwanza siku hiyo.
Wa pili ulikuwa wa simu: mama, nimekula.

Saa sita na dakika mbili nilikuwa naandika
shinikizo la damu la bibi mmoja wa Verín,
tarakimu ya juu imeingia, ya chini bado,
skrini ikawa kijivu:
*Mtumiaji huyu hayupo.*

Nikajitazama. Nilikuwepo.
Koti lilikuwepo, doa la kahawa lilikuwepo,
na bibi wa Verín alikuwepo, mkono bado umo kwenye mkanda,
ananitolea macho.
Nesi Saleta akaleta karatasi na kalamu ya bure ya benki.
“Andika,” akasema. “Mshipa hausomi mikataba.”
Tukaandika hadi alfajiri kama makarani wa zamani,
yeye akifungua kila mlango kwa kadi yake,
mimi nyuma yake,
kivuli kilichosomea miaka sita.

Saa moja na nusu simu ikalia. Sauti ya ghorofa ya chini,
tamu, imeshakunywa kahawa:
“Daktari Castiñeira? Tuna siku kumi na tano. Unazitaka?”
Kana kwamba ni mayai.

Nilitaka kuuliza nani atalipa zile saa nane.
Nilitaka kusema nipe nifikiri.
Nikatazama kalenda ya ukutani:
Alhamisi imo.
Baridi ya tatu haimo.
Nikasema nazitaka.

Stika ya tano ilikuwa bado na joto la mashine.
Nilipanda na kupita 412. Amelala, miguu nje ya blanketi.
Kabla ya kuifunika niliipima kwa macho:
arobaini na mbili, nadhani, na wa kulia umezidi.
Huenda nimekosea. Si kazi niliyoisomea.